TREKTA NI FUNDI WAKE

Mvua za kwanza zikishanyesha Mpanda, mwishoni mwa Oktoba au ndani ya Novemba, mkulima huanza kushindana na kalenda. Mkoa wa Katavi una msimu mmoja tu wa mvua. Hakuna vuli na masika, kwamba aliyekosa huku atapata kule. Shamba lisilolimwa Novemba na Desemba huchelewa kupandwa, na mahindi yaliyochelewa hukatiwa mvua yakiwa yanabeba. Trekta likisimama siku kumi katika majuma hayo, hasara yake haipimwi kwa siku kumi. Hupimwa kwa magunia, kwa mahitaji ya watoto shuleni, na kwa deni lisilolipika.

Ndiyo maana swali la trekta la aina gani linunuliwe Mpanda si swali la rangi wala la fahari. Ni swali la uchumi, na hatimaye ni swali la siasa, maana linahusu nani atakuwa bwana wa kazi: mkulima au mtambo wake. Wala wanaolijibu si wakulima peke yao. Ofisa kilimo huulizwa ushauri. Ofisa maendeleo ya jamii hupitia andiko la kikundi cha vijana kinachoomba mkopo katika ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Katibu wa chama cha ushirika cha msingi huandika muhtasari wa kikao. Mwalimu naye huchukua mkopo wa mshahara, akaungana na ndugu zake wawili kununua trekta la kukodisha. Sahihi za watu hawa ndizo zinazoleta mtambo kijijini, na mtambo ukilala, wao ndio wa kwanza kuulizwa.

Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hiyo inafaa kukumbukwa kila mara orodha ya bei ya matrekta inapofunuliwa mezani.

KILICHOBADILIKA NDANI YA INJINI

Tangu miaka ya 1990 nchi zenye viwanda vikubwa zimekuwa zikitunga sheria za kupunguza moshi wa mitambo ya mashambani. Marekani ilifikia hatua ya mwisho ya sheria zake kwa matrekta mengi kati ya 2014 na 2015. Umoja wa Ulaya ulianza hatua yake ya tano mwaka 2019. India, ambako hutoka matrekta mengi yanayoonekana Tanzania, ilianza Januari 2023 kuyabana matrekta yenye nguvu zinazozidi farasi 50.

Ili kutii sheria hizo, waundaji walilazimika kuibadili injini ya dizeli kutoka ndani. Katika injini ya zamani, pampu inayozungushwa na injini yenyewe husukuma dizeli hadi kwenye nozeli, ambazo hufunguka kwa mgandamizo wa bar 200 hivi. Hakuna kompyuta hapo. Umeme unahitajika kuwasha tu, na betri ikifa trekta husukumwa likawaka. Mafuta yakiisha njiani, fundi huongeza mengine, akalegeza nati, akatoa upepo kwa mkono, kazi ikaendelea.

Katika injini mpya dizeli hubanwa kwa bar 1,600 na zaidi, na kompyuta ndiyo inayoamuru kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Vihisio kadhaa huipelekea kompyuta hiyo habari za joto, hewa na moshi. Katika bomba la moshi huwekwa chujio la masizi, ambalo kila baada ya muda hujichoma lenyewe kwa joto la kiasi cha nyuzi 600 ili lisizibe. Matrekta yenye nguvu zaidi huongezewa tangi la pili, lenye maji ya urea yaliyosafishwa, yanayopulizwa katika moshi ili kuua gesi zenye sumu. Maji hayo yakiisha, au kihisio kikidhani yameisha, kompyuta huipunguza nguvu injini hata ishindwe kuvuta plau.

Hakuna ubaya katika ufundi huo. Ni kazi ya akili nyingi, na kwa mkulima wa Ulaya aliye karibu na wakala wake, mwenye gari la huduma linalofika shambani siku hiyo hiyo, una manufaa. Lakini kila mtambo huzaliwa na jamaa zake: fundi, kipuri, mafuta na barabara. Ukihamishwa bila jamaa hao unakuwa yatima.

MPANDA NA MTAMBO YATIMA

Hali ya Mpanda haina budi kuangaliwa kama ilivyo. Leo mji huu umefikiwa na lami, kupitia Koga kutoka Tabora. Hayo ni maendeleo makubwa, ukikumbuka miaka ambayo reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi, ilikuwa ndiyo tegemeo. Hata hivyo Dar es Salaam, yaliko maghala makubwa ya vipuri, bado iko zaidi ya kilomita elfu moja. Tena mashamba hayako kwenye lami. Yako Katumba na Mishamo, yako Mpimbwe kwenye mpunga, yako Nsimbo na Mlele, mwisho wa njia za vumbi ambazo mvua hizo hizo za Novemba huzigeuza matope.

Kwanza yaangaliwe mafuta. Injini mpya inataka dizeli yenye salfa kidogo sana na isiyo na chembe ya vumbi wala tone la maji. Nchi za Afrika Mashariki zilipiga hatua kwa kukubaliana kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 katika milioni, kilichoanza mwaka 2015. Lakini viwango vya Ulaya ni sehemu 10. Isitoshe, dizeli ikishatoka kituoni hubebwa katika madumu na mapipa, ikamiminwa kwa faneli iliyolala nje. Pampu ya zamani huvumilia makosa hayo kwa kiasi fulani, ingawa nayo huchakaa. Nozeli ya bar 1,600 haivumilii. Chembe moja huikwangua, na haitengenezwi kwa tupa wala kwa nyundo, hununuliwa nyingine.

Pili, maji ya urea. Yanaharibika kwa joto. Yakikaa katika nyuzi 35 maisha yake huwa ya miezi sita hivi, hivyo dumu lililosahauliwa chini ya bati la ghala halitegemeki msimu unaofuata. Kuna hatari nyingine iliyo wazi kwa kila anayewajua wakulima wa mahindi. Neno urea si geni kwao, ni mbolea. Siku maji yatakapokosekana, mtu mwenye nia njema atachota urea ya mfuko, ataikoroga katika ndoo na kuimimina tangini. Uchafu ulio katika mbolea hiyo utakiua kifaa cha kusafisha moshi, na gharama ya kukibadili itamaliza faida ya misimu kadhaa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, fundi. Mpanda ina mafundi. Chini ya miembe na katika gereji za mabati wapo vijana wanaoweza kuishusha injini ya Massey Ferguson au Ford, kubadili ringi na gasketi, kuirudisha, na kuiwasha kabla ya jioni. Ujuzi huo haukutoka katika vitabu tu. Umetoka kwa baba na wajomba walioshika spana hizo tangu enzi za mashirika ya umma na za vyama vikuu vya ushirika. Injini yenye kompyuta inamnyang'anya fundi huyo kazi yake kwa siku moja. Si kwamba hana akili. Kifaa cha kuisoma kompyuta kiko kwa wakala, na wakala hayupo kijijini. Taa nyekundu ikiwaka katika dashibodi, fundi aliyeaminiwa miaka ishirini anabaki kuitazama kama mgeni.

WENYE VIWANDA NAO WALALAMIKA

Huenda akatokea wa kusema kwamba maneno haya ni ya watu waoga wa maendeleo. Basi yatazamwe yanayotokea huko yalikoanzia. Mwanzoni mwa 2020 vyombo vya habari vya Minnesota, jimbo la wakulima wakubwa nchini Marekani, viliripoti kwamba matrekta yaliyoundwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 yanagombewa minadani. Wanunuzi walikuwa wakulima wenye uwezo. Walichokitaka ni trekta wanaloweza kulitengeneza wenyewe.

Ugomvi huo ulifika bungeni na mahakamani. Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya kuwapa wakulima haki ya kutengeneza mitambo yao, nayo ikaanza kutumika Januari 2024. Januari 2025 serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara, ilimshitaki mwundaji mkubwa John Deere kwa madai ya kuwabana wakulima katika matengenezo, madai ambayo kampuni hiyo iliyakana. Agosti 2025 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ikatoa mwongozo wa kuwataka waundaji wabadili programu za kompyuta, ili injini isipoteze nguvu kwa ghafula kwa sababu ya maji ya urea. Ikiwa mkulima wa Iowa, mwenye wakala na umeme na barabara, amefikia kulia, mkulima wa Mishamo atalia kwa nani?

SOMO LA URAMBO

Pamoja na hayo, itakuwa kosa kuruka upande wa pili na kutangaza kwamba kila kikuukuu ni dhahabu. Somo la jambo hilo liko karibu sana. Anayesafiri kwa treni kutoka Mpanda hupita Kaliua, kisha hufika Urambo. Hapo, kama kule Kongwa na Nachingwea, Waingereza walianzisha mwaka 1947 mpango wao mashuhuri wa karanga. Walileta matrekta makuukuu yaliyobaki vitani, na hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, zaidi ya nusu ya mitambo ilikuwa imelala. Vipuri havikuwapo, madereva walifundishwa kwa haraka, na ardhi ilikuwa ngumu kuliko walivyodhani. Mwaka 1951 mpango ulizikwa baada ya kula yapata pauni milioni 36. Mitambo ile haikuwa na kompyuta hata moja, na bado ilishindwa.

Baada ya Uhuru somo lilirudiwa kwa sura nyingine. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliwaeleza wananchi kwamba wakiishi kwa kutawanyika hawataweza kutumia trekta. Serikali ikaanzisha vijiji vya makazi vyenye matrekta na wataalamu, lakini mwaka 1966 ikausimamisha mpango huo kwa kuwa gharama zilizidi mapato. Ndipo Mwalimu alipozidi kusisitiza kwamba kati ya jembe la mkono na trekta ipo hatua ya plau la maksai. Wafugaji na wakulima wa Kisukuma waliohamia Mpanda na Mpimbwe kuanzia miaka ya 1970 wameithibitisha hatua hiyo kwa vitendo. Maksai ndiye mtambo usiokosa kipuri.

Katika miaka ya 1980 Kibaha iliunganisha matrekta ya Valmet ya Finland, kiwanda hakikudumu. Kuanzia 2010, katika wimbi la Kilimo Kwanza, SUMA JKT iliingiza yapata matrekta 1,800 kwa mkopo wa India wa dola milioni 40, na mengi yalikopeshwa kwa watumishi na viongozi; madeni yake yakawa habari ya miaka mingi. Baadaye Kibaha hiyo hiyo ikaunganisha matrekta ya Ursus kwa mkopo wa Poland wa dola milioni 55, na miaka michache haikupita kampuni yenyewe ikafilisika huko kwao. Katika safari zote hizo trekta lilitangulia, na fundi, kipuri na hesabu vikafuata nyuma vikihema.

Mambo hayo yakipangwa pamoja, kanuni hujitokeza yenyewe. Umri wa trekta si hoja ya kwanza, wala upya wake. Hoja ya kwanza ni urahisi wa kulitengeneza pale linapofanyia kazi. Massey Ferguson 135, iliyoundwa kati ya 1964 na 1975, bado inalima mahali pengi kwa sababu sehemu zake zinajulikana na zinauzwa. Lakini mwenye kutaka jipya hakufungiwa mlango. Pakistan bado inaunda aina za Massey Ferguson 240 na 385 zenye injini za Perkins za pampu ya kawaida, na India inaunda matrekta ya chini ya farasi 50 yasiyo na mzigo wa kompyuta. Hayo ni mapya kwa umri na ya zamani kwa ufundi. Kwa Mpanda ya leo, huo ndio uchaguzi wa busara kwa anayeweza kuyalipia, na trekta kuukuu lililokaguliwa vizuri ni uchaguzi wa anayefuata.

MOSHI SI JAMBO LA MZAHA

Lipo pingamizi moja lisilofaa kupuuzwa. Sheria za moshi hazikutungwa kwa chuki dhidi ya wakulima. Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Dereva anayekaa nyuma ya bomba kutwa nzima ni mtu, ana mapafu na ana familia. Aidha, matrekta mengi ya zamani hayana fremu ya chuma ya kumkinga dereva pindi trekta linapopinduka, kinga ambayo Sweden iliifanya lazima kwa matrekta mapya tangu 1959. Tena iko hofu ya haki kwamba Afrika itageuzwa jaa la mitambo iliyokataliwa kwingine.

Jibu la hoja hizo ni masharti, si kufumba macho. Trekta linalotoa moshi mweusi mfululizo ni bovu: nozeli zimechoka, au chujio la hewa limeziba, au pampu imeharibiwa mpangilio wake. Trekta hilo linakula dizeli ya bure, na kulitengeneza kunaokoa fedha na mapafu kwa pamoja. Bomba la moshi liinuliwe juu ya kichwa cha dereva. Fremu ya kinga inaweza kutengenezwa na kufungwa hapa hapa nchini, ikiwa itafuata vipimo vya wahandisi. Na trekta kuukuu lisilopita ukaguzi likataliwe hata kama bei yake ni ya kutupa. Siku Mpanda itakapokuwa na mafundi, vifaa na mafuta ya kuzihudumia injini safi zaidi, zikaribishwe. Kazi ya leo ni kuiandaa siku hiyo, na haiandaliwi kwa kununua mitambo itakayolala.

MASWALI YA KUULIZWA KABLA YA SAHIHI

Yapo basi maswali ambayo kila ofisa, mwalimu na kiongozi wa ushirika angepaswa kuyauliza kabla ya kuweka sahihi. Je, ni fundi gani, kwa jina lake, aliye ndani ya wilaya na anayeijua injini hii? Je, chujio, nozeli, klachi na pampu ya haidroliki vinapatikana wapi, na vinafika Mpanda kwa siku ngapi? Je, injini inahitaji kompyuta ya wakala ili kutambua ubovu? Je, inahitaji maji ya urea? Je, yapo matrekta mangapi ya aina hiyo hiyo katika wilaya, ili moja likifa sehemu zake zisaidie mengine? Muuzaji asiyeweza kuyajibu kwa maandishi hajawa tayari kuuza, na mnunuzi asiyeyauliza hajawa tayari kununua.

Vyama vya ushirika vikikubaliana juu ya aina moja au mbili tu za matrekta, vinaweza kuweka ghala moja la vipuri na kumwajiri fundi mmoja wa kudumu. Kila chama kikinunua aina yake, wilaya itakuwa na maonyesho ya matrekta badala ya kilimo. CAMARTEC ya Arusha, iliyoundwa mwaka 1981, ina kazi ya kupima zana za kilimo. Ripoti ya majaribio yatakiwa kabla ya fedha za umma kutoka. Chuo Kikuu cha Sokoine kimefungua kampasi Mpimbwe iitwayo kwa jina la Mizengo Pinda, na ufundi stadi unafundishwa Mpanda. Haifai mwanafunzi amalize masomo katika mkoa wa wakulima bila kuwahi kutoa upepo katika injini ya dizeli.

Kwa walimu iko kazi nyingine pia. Shamba la shule linalolimwa na trekta la kukodi ni darasa. Mtoto aonyeshwe pampu iko wapi, oili inapimwa vipi, na kwa nini dizeli huchujwa. Anayejua mtambo hauogopi na hauabudu.

Novemba itafika, iwe vikao vimemaliza mabishano yao au havijamaliza. Itakapofika, mkulima wa Katumba hatauliza trekta liliundwa mwaka gani wala lilizinduliwa na nani. Atasimama pembeni mwa shamba, mbegu zikiwa ndani na wingu likiwa juu, akisikiliza kama injini inawaka. Sahihi zilizowekwa mezani miezi mingi nyuma ndizo zitakazojibu.